Mkunga wa Zigi na bomba la Tanga

Ukifungua bomba asubuhi hapa Usagara, jijini Tanga, maji yanayotoka yamekwisha kusafiri safari ndefu. Yalianza kama umande na mvua katika misitu ya Amani, kwenye Milima ya Usambara Mashariki, yakapita mashamba ya iliki na mdalasini ya Muheza, yakaungana na Kihuhwi, yakatulia nyuma ya tuta la Mabayani, yakasafishwa Mowe, ndipo yakaingia kwenye ndoo yako. Watu wa Tanga tumezoea kujisifu kwa maji haya, na tuna haki ya kujisifu. Miji mingi ya nchi hii ina mgao wa maji kila kiangazi. Sisi mara nyingi tunasimuliwa tu habari zake.

Lakini mto si barabara ya upande mmoja. Upo msafiri mwingine ambaye kwa maelfu ya miaka alikuwa akiupanda Zigi wakati maji yakiteremka, na huyo tangu mwaka 1978, lilipojengwa bwawa la Mabayani, hakuna aliyemuuliza amefika wapi. Msafiri huyo ni mkunga. Simsemi mkunga wa miambani anayewauma wavuvi wetu vidole kule baharini, wala mkunga anayewapokea watoto wetu duniani, ingawa kuhusu huyu wa pili nitakuwa na neno baadaye. Namsema mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu, mtelezi, mweusi mgongoni, ambaye vijana wengi wakimwona humdhania nyoka na kumpiga kwa fimbo.

Mjomba wangu, Mbondei wa upande wa Muheza, alikuwa akimtega utotoni kwa ndoana yenye chambo cha nyungunyungu, usiku wa giza, baada ya mvua. Nilipomuuliza, miaka michache kabla hajafariki, kama vijana wa kijiji bado wanamtega, alinijibu, "Mwanangu, mkunga ni habari ya wazee. Sasa mtoni kuna kambale na perege, na hao nao wadogo." Nilimuuliza wameisha lini. Akafikiri, akasema hawakuisha kwa siku moja. Kila mwaka walipungua kidogo, na waliobaki walikuwa wakubwa tu. Wadogo hawakuonekana tena.

Jibu lile nililiona la kawaida siku ile. Nililielewa baadaye nilipoanza kusoma habari za samaki huyu, kwa sababu mjomba, bila kujua, alikuwa ameeleza kwa usahihi kile kinachotokea samaki mhamaji anapofungiwa mlango.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamesikia habari za samoni wa Marekani na Ulaya, anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi kufia alikozaliwa baada ya kutaga. Mkunga anafanya kinyume chake. Anazaliwa baharini na kukulia mtoni. Wanasayansi wanaamini kwamba mikunga wa mito yote ya pwani yetu, tangu Kenya hadi Afrika Kusini, hutaga katika vilindi vya Bahari ya Hindi mashariki ya Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu. Kiluwiluwi chake ni bapa kama jani na hupenya mwanga kama kioo. Mkondo wa bahari humleta magharibi hadi pwani. Akikaribia mdomo wa mto hubadilika umbo, akawa mwembamba kama uzi, bado hana rangi, akaanza kupanda. Humo mtoni hukaa miaka kumi, hata ishirini au zaidi, akila kaa, kamba, wadudu na samaki wadogo. Siku yake ikifika tumbo hugeuka rangi ya fedha, macho hupanuka, utumbo husinyaa kwa kuwa hatakula tena, naye huteremka na mafuriko ya masika hadi baharini kutaga mara moja na kufa.

Katika jamii hii ya samaki, wanaobaki karibu na mdomo wa mto mara nyingi ni madume, na wanaokwenda mbali juu kwenye vijito vya milimani ni majike. Hapo ndipo jina lake linaponichekesha na kunisikitisha. Tukiziba mto katika nyanda za chini, tunaowazuia hasa ni mama zao.

Mabayani ipo katika nyanda za chini, karibu zaidi na bahari kuliko na chemchemi za Amani. Maana yake, sehemu kubwa ya mto na karibu vijito vyake vyote vipo nyuma ya tuta. Mkunga aliyekuwa juu wakati bwawa linajengwa aliweza kuishi miaka yake ishirini, ndiyo maana mjomba aliendelea kuwaona wakubwa. Kisha kizazi kile kikaisha. Mkunga yeyote atakayevuliwa leo katika Kihuhwi, basi, ni aliyeweza kuupanda ukuta huo mwenyewe. Si jambo lisilowezekana. Kifaranga wa mkunga hupanda jiwe lenye unyevu kama konokono, na husogea hata juu ya majani mabichi usiku. Anachoshindwa ni zege kavu, au maji yanayoporomoka kwa nguvu pasipo na mahali pa kujishikiza.

Nataka nieleweke vizuri, maana najua baadhi ya wasomaji wangu ni watumishi wa sekta ya maji na tayari wameanza kukunja uso. Sidai bwawa libomolewe. Aliyeteka maji ya kisima cha chumvi kwa ndoo kichwani hawezi kuandika upuuzi huo. Huko jimbo la Washington, Marekani, mabwawa mawili ya mto Elwha, moja la mwaka 1913 na jingine la 1927, yalibomolewa kati ya 2011 na 2014 ili samoni warudi. Lakini mabwawa yale yalikuwa ya umeme, na hata hivyo kabla ya kuyagusa ilibidi mji wa Port Angeles, unaotumia maji ya mto ule, ujengewe kwanza mitambo ya kusafisha tope ambalo lingeteremka. Sisi hatuna sababu ya kupita njia hiyo.

Mfano unaotufaa upo jimbo lilelile, katika mto Cedar, unaoupatia mji wa Seattle sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Mwaka 1901 lilijengwa banio la kuchepushia maji mahali paitwapo Landsburg, nalo likawafungia samoni zaidi ya kilomita ishirini za mto kwa muda wa karne nzima. Hoja ya wakubwa wa maji ilikuwa ileile ambayo ningeisikia hapa kwetu nikiuliza: haya ni maji ya kunywa, hatutaki samaki waje kufia humo. Mwaka 2003 ngazi ya samaki ilikamilika na samoni wakaanza kupita tena. Ila walichagua. Aina mbili ziliruhusiwa kwa sababu huja kwa idadi ya kadiri. Aina ya tatu, ambayo huja kwa makundi makubwa mno, ilizuiwa, kwa hofu kwamba wingi wa mizoga yake ungechafua maji ya mji. Hawakujifanya kwamba hakuna mgongano kati ya samaki na bomba. Waliupima mgongano wenyewe, wakaona unaanzia wapi, wakaruhusu yale yaliyo chini ya mpaka huo.

Kwetu mgongano huo haupo hata kidogo. Mkunga hafii mtoni. Huenda kufia mbali katika bahari kuu. Anapokuwa mtoni ni mmojammoja, chini ya jiwe na mizizi, na miongoni mwa vyakula vyake ni mizoga. Kama yupo samaki aliyeumbwa kuishi katika chanzo cha maji ya mji bila kumkera mhandisi, ni huyu.

Kumpitisha nako si kazi ya mabilioni. Samoni anahitaji ngazi ya zege yenye madimbwi na maji mengi. Kifaranga wa mkunga anahitaji mfereji mwembamba ulioinama, uliowekwa brashi au kokoto, wenye maji ya kulowesha tu. Mifereji ya namna hiyo imewekwa kwenye mabwawa ya Ulaya, New Zealand na Amerika ya Kaskazini, mingine ikiwa mirefu kuliko tuta letu. Ambako ukuta ni mrefu mno, vifaranga hutegwa chini, huhesabiwa, kisha hubebwa kwa ndoo hadi juu. Nasema kwa ndoo. Kazi hiyo mwanakijiji anaweza kuifanya kwa posho ya misimu miwili ya mwaka.

Ugumu upo kwenye kushuka. Mkunga mkubwa anayerudi baharini hufuata maji yanakokimbilia, na kwenye mabwawa ya umeme maji hukimbilia ndani ya mitambo. Kwa urefu wake hukatwa vipande. Hilo ndilo tatizo la Pangani, ambako mto umezibwa Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, Hale kwenye kituo cha megawati 21 cha mwaka 1964, na Maporomoko ya Pangani kwenye kituo cha megawati 68 cha mwaka 1995. Sitaki kuichanganya habari ya Pangani na ya Zigi. Pangani ina deni lake kubwa zaidi, na wenye minazi karibu na mdomo wa mto wanalijua, maana maji ya mto yakipungua chumvi ya bahari hupanda na kuingia mashambani. Lakini Mabayani ni bwawa la maji ya bomba. Masika yakijaza, maji hupita juu ya utoro, na mkunga anayerudi baharini ana njia ya kushukia. Kinachohitajika ni wavu wa kutosha kwenye bomba la kuchotea, na busara ya kuacha maji yapite usiku chache za mafuriko hata pale ambapo tungependa kuyazuia yote. Kwa hiyo tunao mto ambao nusu ngumu ya kazi imekwisha kufanyika kwa bahati tu, nasi tumekataa kufanya ile nusu rahisi.

Sheria haiko upande wa ukimya huu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mpangilio ambao nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: kwanza maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu, pili maji kwa ajili ya kulinda mifumo ya ikolojia, ndipo yafuate matumizi ya kiuchumi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya mwaka 2009, ikaipa roho hiyo nguvu ya kisheria. Angalieni mpangilio ule vizuri. Mkunga wa Zigi anatangulia kiwanda, anatangulia shamba la umwagiliaji, anatangulia hoteli. Kwa vitendo, hata kwenye foleni hayumo.

Sababu yake naijua, nami sina nia ya kumlaumu mtu. Mhandisi anapima anachoulizwa: tope, klorini, kina cha bwawa, ujazo unaopotea njiani. Hakuna anayemuuliza habari za samaki. Ofisa uvuvi naye anaulizwa habari za bahari na mabwawa ya kufugia. Ofisa misitu anaulizwa habari za miti. Mkunga, kwa kuwa anapita katika ofisi zote tatu, si wa ofisi yoyote. Nimekaa katika vikao vya kutosha kujua kwamba jambo linalohusu idara tatu huahirishwa mara tatu.

Sasa niingie kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, kwa sababu inawagusa watu na wala si samaki peke yake. Maji ya Tanga yanatengenezwa na wakulima. Huko juu, wakulima wa Kihuhwi na Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohimiza makinga maji, upandaji miti na kilimo kisichogusa kingo za mto. Wanachokifanya kinapunguza tope linaloingia Mabayani, na tope ndilo adui mkubwa wa bwawa lolote, kwa kuwa linapunguza ujazo wake na kupandisha gharama ya kusafisha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika bonde jembamba la mlimani, mita 60 kila upande zinaweza kuwa shamba lote la mtu.

Mara nyingi uhifadhi katika Usambara Mashariki umekuja kwa mkulima ukiwa na sura ya katazo. Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ulitangazwa mwaka 1997. Wakulima wa iliki wa Derema walilipwa fidia ili mimea yao iondoke msituni, na malalamiko juu ya fidia ile yalidumu kwa miaka. Dhahabu ilipoonekana kule Sakale, wachimbaji walifurika kwenye vijito vinavyolisha mto, na mwananchi aliyekuwa amekatazwa kulima akawatazama wengine wakichimbua. Ndiyo maana nikisikia mpango wowote mpya wa kuokoa kiumbe fulani milimani, swali langu la kwanza huwa hili: safari hii nani anahamishwa?

Kwa mkunga jibu ni kwamba hahamishwi mtu. Anachohitaji mkunga ni kilekile anachohitaji mhandisi wa Mowe: kingo zenye miti, maji yasiyo na tope, mto usiokauka kiangazi. Na yapo mawili ambayo mkulima mwenyewe angefaidika yakikomeshwa. La kwanza ni uvuvi wa sumu. Wazee walitumia utupa, mmea uliopondwa na kutiwa kwenye dimbwi dogo wakati wa kiangazi. Jambo baya, lakini athari yake ilikuwa ya siku chache. Siku hizi watu hutumia viuatilifu vya mashambani, na humwaga katika mto ambao watu wa jiji zima wanaunywa. La pili ni ukimya wa kijiji juu ya uvuvi huo. Palipo na samaki wa thamani mtoni, anayemwaga sumu ana jirani wa kumkemea. Palipobaki maji matupu, nani atakesha kuyalinda kwa niaba ya watu wa Chumbageni na Raskazone?

Nitaambiwa, na rafiki yangu mmoja mchumi amekwisha kuniambia, kwamba nchi yenye zahanati zisizo na maji haina nafasi ya kuwaza samaki ambaye hata walaji wake ni wachache. Hoja hii naiheshimu, ila naiona imekosea mahali pa kutazama fedha. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, ikitafuta shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, nayo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Nililipongeza jambo lile na bado nalipongeza. Lakini neno "kijani" limewavutia wawekezaji kwa sababu lina ahadi ndani yake, nami sioni ushahidi mwepesi na wa bei nafuu zaidi wa ahadi hiyo kuliko mto ambao samaki wake wanapanda. Mfereji wa brashi kwenye utoro wa Mabayani hauchukui ndoo hata moja ya zahanati.

Lipo pia jambo la haraka, ambalo rafiki yangu hakuwa amelisikia. Mikunga wanaofugwa duniani, hasa Asia ya Mashariki, hawazalishwi mabwawani kwa biashara kubwa. Vifaranga wote huvuliwa kwenye midomo ya mito, wakiwa bado wa rangi ya kioo, kisha hunenepeshwa. Mkunga wa Ulaya amepungua kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na Umoja wa Ulaya ulifunga mlango wa kuwauza nje mwaka 2010. Wanunuzi wakageukia bahari nyingine, yetu ikiwamo. Siku mnunuzi atakapofika Tanga na ndoo zake na bei yake, tutakuwa na kanuni gani? Tutajuaje ni vifaranga wangapi wanaingia Zigi kwa mwaka ikiwa hatujawahi kumhesabu hata mmoja? Tuliyaona haya kwenye jongoo bahari na kwenye mapezi ya papa: bei ilitangulia, elimu ikafuata, kanuni ikafika mwisho na kukuta chupa tupu.

Ninachoomba, kwa hiyo, ni kidogo kiasi cha kunionea aibu. Kabla ya mfereji wowote, masika ijayo, wakati mto umejaa na mwezi haupo, watu wasimame chini ya tuta la Mabayani na taa na nyavu za chandarua, kwa ruhusa ya wenye bwawa, wahesabu. Wawepo watu wa mamlaka ya maji, wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisa uvuvi wa wilaya, na wazee wawili au watatu wa Amboni na Muheza wanaomjua mkunga mdogo kwa macho. Nyavu nyingine ziwekwe juu, kwenye Kihuhwi, tuone kama yupo aliyefaulu kupanda. Gharama yake ni mafuta ya gari, betri, chai na mikate.

Wanafunzi wangu sita wamekwisha kujiandikisha. Mmoja wao, kijana wa Kidigo kutoka Moa, aliniuliza kama ni lazima ajue kuogelea. Nilimwambia hapana, lakini ajue kukesha. Barua ya kuomba ruhusa imepelekwa, nakala tatu, kwa ofisi tatu.